Hazijaisha, zimekonda: miaka kumi na mpango wa kuchota pensheni

Kadi inasema hivi. Januari 2016: salio shilingi 2,400,000, kinachotoka kwa mwezi 30,000. Desemba 2025: salio 946,000, kinachotoka kwa mwezi 12,850. Kadi yenyewe ni ile ya stoo, yenye safu tatu, zilizoingia, zilizotoka na salio. Niliondoka na chache siku ya kuagwa kiwandani, hapa Nakuru, nilikotunza stoo kwa miaka 27. Nyingine niliandikia mbolea na chakula cha ng'ombe. Hii moja nikaandikia pensheni yangu, mwaka baada ya mwaka, kwa kalamu ileile ya bluu. Kwangu mimi hiyo ni tathmini kamili na ningeishia hapo, ila binti yangu anasema watu hawajui kusoma kadi ya stoo. Basi nieleze.

Jina la kampuni iliyoniuzia mpango huu silitaji. Kwanza, kampuni zinazouza mpango huu ni kadhaa na zote zinafuata masharti yaleyale ya serikali. Pili, kijana aliyeniuzia sasa ana mke na watoto wawili, tunasali kanisa moja, na sitaki Jumapili yangu iwe chungu.

Kwa asiyejua: ukistaafu ukiwa kwenye mfuko wa pensheni wa mwajiri hapa Kenya, hubebi zote. Unachukua theluthi moja mkononi, theluthi mbili zinabaki zikulishe. Hizo theluthi mbili zina njia mbili. Njia ya kwanza, unaipa kampuni ya bima pesa zote kwa mpigo, nayo inakulipa kiasi mlichokubaliana kila mwezi hadi siku ya kufa kwako. Wenyewe wanaiita anuiti. Njia ya pili, pesa zinabaki kwenye mfuko zikiendelea kuwekezwa, nawe unachota kidogo kidogo kama mtu mwenye tangi la maji nyuma ya nyumba. RBA, mamlaka inayosimamia mifuko ya uzeeni, imeweka mipaka miwili kwa wachotaji: mpango usiwe chini ya miaka kumi, na kwa mwaka mmoja usichote zaidi ya asilimia 15 ya kilichomo. Mimi nilichagua kuchota.

Kuna pia mifuko ya akiba ambayo hukupa zote siku moja. Kaka yangu wa kule Kakamega alikuwa na huo, akanunua trekta la kubeba miwa. Kiwanda cha sukari kilipoyumba, trekta likawa mahali pa kuku kutagia. Ndiyo maana mimi niliposikia neno "kidogo kidogo" moyo wangu ulitulia kabla sijauliza lolote.

Za NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, sizitii kwenye hesabu hii. Enzi zetu ulikatwa mia mbili, mwajiri akaongeza mia mbili, basi. Nilipozichukua zilininunulia ng'ombe mmoja mzuri na ndama wake. Vijana wa siku hizi wanakatwa zaidi tangu 2023 na wanalia. Mwanangu hunionyesha hati yake ya mshahara kama mtu anayeonyesha kidonda. Mimi humwambia anyamaze akatwe.

Ile theluthi yangu ya mkononi, milioni moja na laki mbili kabla ya kodi, ilimalizia nyumba ya Kiamunyi: paa, choo cha ndani, tangi la lita elfu tano. Hapo sijuti hata kidogo, kwa hiyo tuendelee.

Novemba 2015, ghorofa ya tatu, jengo moja la Kenyatta Avenue, lifti imekufa. Nilipofika juu nilikuwa natweta. Kijana akanipa kiti, chai ya maziwa na maandazi mawili, akanieleza kwa adabu sana. Kisha akafungua fomu ukurasa wa tatu. Kulikuwa na mstari mmoja mtupu: asilimia ya kuchota kwa mwaka.

"Hapa, mama, wengi huweka kumi na tano," akasema. "Ndiyo ya juu kabisa. Ni haki yako."

"Na zikiisha?"

"Haziwezi kuisha, mama. Ni kumi na tano ya kilichobaki, si ya kile cha mwanzo. Hesabu hiyo haifiki sifuri hata siku moja."

Akaandika 15 kwa kalamu yake, akanigeuzia karatasi, nikatia sahihi.

Hakunidanganya. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba siwezi hata kumlaumu kwa uongo. Ukichukua sehemu ya kilichobaki, kila mara kitabaki kitu. Ni kweli hazijaisha. Zimekonda. Mtu akikuapia kwamba ng'ombe wako hatakufa, muulize pia kama atakuwa anatoa maziwa.

Na mimi si mtu wa kutojua mambo haya. Fundi wa mashine akija stoo kuomba beringi sita, sikumpa kabla ya kumuuliza: mashine inakula ngapi kwa mwezi, zimebaki ngapi, na mzigo mwingine unafika lini. Kila kadi ilikuwa na kiwango cha chini kilichoandikwa kwa wino mwekundu. Bidhaa ikishuka hapo, hata meneja aje mwenyewe amekunja uso, haitoki kitu mpaka oda iandikwe. Miaka 27 nimewakatalia watu wazima beringi na mikanda ya mashine. Siku ya pesa zangu mwenyewe sikuuliza hata swali moja kati ya hayo matatu.

Sababu ninaijua. Elfu thelathini ilikaribiana na mshahara niliokuwa nikifika nao nyumbani baada ya makato yote. Nilihisi kama nimestaafu kazi bila kustaafu mshahara. Kitinda mimba wangu alikuwa chuo Kisumu, karo inadaiwa kila muhula. Kwenye chama chetu cha akina mama nilikuwa mstaafu pekee ambaye mchango wake haukushuka, na nilihakikisha wanalijua hilo. Mwaka mzima wa 2016 niliishi hivyo. Pesa ziliingia benki tarehe 28 kila mwezi bila kukosa hata mara moja, na hiyo naiandika kwa sifa ya kampuni: miezi 120, hawakuchelewa. Mwajiri wangu hakuwa na rekodi kama hiyo.

Januari 2017 ikaja barua. Kiasi kipya, 27,450. Nikasema si neno. Januari 2018, 25,100 na chenji. 2019, chini ya 23,000. Kila mwaka zinapungua elfu mbili na kitu, na huo ndio ujanja wa kitu hiki, ingawa hakuna aliyeufanya kwa makusudi: kinashuka polepole kiasi kwamba kila mwaka unapata cha kuacha kimoja tu. 2017 niliacha gazeti. 2018 msichana aliyekuwa akinisaidia kazi za nyumba alirudi kwao Bahati, nikawaambia majirani kwamba ameolewa. 2019 nilikata king'amuzi cha televisheni. 2020 niliacha bima ya matibabu ya juu ya ile ya kawaida, nayo ilikuwa imenilazia hospitali mara mbili. 2021 nilijiondoa kwenye chama; nilisema magoti hayaniruhusu kutembea hadi kwa wenzangu, na kwa bahati mbaya wakahamishia mikutano kwangu.

Mtu akipokonywa vitu vyote vitano siku moja atapiga kelele. Akipokonywa kimoja kwa mwaka anaona ni uzee.

Huku zinapungua, bei haikunisubiri. Mwaka 2017 serikali ilitia ruzuku, pakiti ya unga ya kilo mbili ikauzwa shilingi 90. Mwaka 2022 pakiti hiyohiyo ilipita 200. Pensheni yangu kati ya miaka hiyo miwili ilitoka 27,450 hadi 17,000. Sina haja ya kuchora mchoro.

Sasa huduma. Hadi mapema 2020 ofisi ya Kenyatta Avenue ilikuwepo, na ukikwea zile ngazi ungepata binadamu. Korona ilipokuja wakafunga, wakasema ni kwa muda. Muda huo haujaisha. Tangu hapo ni kupiga simu Nairobi, kubonyeza moja kwa Kiswahili, kusikiliza muziki, kisha kuelezwa na mtu wa umri wa mjukuu wangu kwamba taarifa ya akaunti "inashughulikiwa". Taarifa ya mwaka unaoisha Desemba nilikuwa nikiipata Aprili, mara moja ilifika Juni. Mwaka 2021 nilipanda matatu hadi Nairobi kuuliza kwa nini faida ya 2020 imeanguka hivyo. Walinieleza vizuri, kwamba soko la hisa lilikuwa limeumia, na nikawaamini, lakini nauli ilikuwa yangu.

Kuna na ada. Zimeandikwa kwenye taarifa, sikatai, ila zimetawanywa: ya meneja wa uwekezaji, ya mtunza hati, ya msimamizi wa mpango. Kila moja peke yake ni kipande cha asilimia. Nilizijumlisha kwenye kadi, zikakaribia asilimia mbili. Mwaka wa kwanza peke yake ni zaidi ya shilingi elfu arobaini, yaani pensheni yangu ya mwezi mmoja na karibu nusu. Muuza mahindi wa Wakulima Market akikutoza hivyo kwa kukubebea gunia utaita askari wa kaunti.

Habari ya kodi niitaje kwa sababu inanichekesha. Mwishoni mwa 2024 sheria ilibadilishwa, pensheni ya aliyestaafu kwa umri haitozwi kodi tena. Watu walinipigia simu kunipongeza. Wakati huo nilikuwa napokea 13,900 kwa mwezi, na hata chini ya sheria ya zamani pensheni isiyozidi 25,000 kwa mwezi haikuwa na kodi. Ilikuwa kama kuletewa mwavuli ukiwa tayari ndani ya nyumba.

SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, nao walipoanza Oktoba 2024, mtu asiye na mwajiri anaulizwa maswali ya hali yake ya maisha ili ajue atalipa ngapi. Wanauliza ukuta wa nyumba, paa, choo. Nyumba yangu ya mawe ikajibu kwa niaba yangu kwamba mwenye nyumba anajiweza. Nikaambiwa 850 kwa mwezi, na inalipwa ya mwaka mzima kwa mara moja. Hiyo ni zaidi ya elfu kumi, karibu robo tatu ya pensheni yangu ya mwezi. Ile theluthi niliyosema sijutii, siku hiyo nilijuta kwa dakika tano.

Nimtaje sasa Mama Chebet, maana tathmini bila cha kulinganisha ni manung'uniko tu. Alikuwa karani wa mishahara, tukastaafu mwezi mmoja, keki moja. Yeye baada ya kutoa theluthi yake alibaki na 1,900,000, akaenda kununua anuiti kwa watu wa bima: 17,000 kila mwezi hadi kufa, na akifa ndani ya miaka kumi ya kwanza watoto wake wanaendelea kulipwa mpaka miaka hiyo iishe. Siku aliponionyesha karatasi nilicheka, na nilicheka mbele ya watu.

"Mama Chebet, elfu kumi na saba utakula na nani?"

"Na wewe, ukiishiwa," akasema.

Januari 2022 barua yangu ilisema 17,067. Nilimwalika chai, nikaiweka mezani. Aliisoma yote hadi anwani ya chini. Hakucheka, aliomba sukari. Januari iliyofuata mimi nilikuwa kwenye 15,190 naye yuko palepale kwenye kumi na saba zake, kama mlingoti.

Lakini niwe mwadilifu, anuiti yake si ya kupigiwa ngoma. Kumi na saba ya 2016 na kumi na saba ya leo si pesa moja. Amepoteza kwa bei alichopoteza, ila hakioni kwenye barua. Angeweza kununua ile inayopanda kila mwaka, ikaanza chini zaidi, hakutaka. Na ile miaka kumi ya dhamana imekwisha. Akifa kesho, Mungu aepushe, kampuni inabaki na kilichobaki, Chebet hapati kitu. Kwa mpango wangu ni tofauti. Mzee mmoja wa Lanet tuliyeanza naye pamoja alifariki mwaka wa tatu. Mjane wake alipewa salio lote lililokuwemo. Makaratasi yalikuwa mengi, ilichukua miezi mitano, lakini walimpa mpaka senti ya mwisho. Kwa mtu mgonjwa, au mwenye watoto wadogo uzeeni (wapo, na tunawajua), kuchota kunaweza kuwa ndiko bora. Afya yangu mimi ilikuwa nzuri na mama yangu aliishi miaka 94. Hilo lingepaswa kuingia kwenye fomu kabla ya chai.

Krismasi ya 2025 mjukuu wangu anayesoma Egerton, pale Njoro, alikuja na kompyuta yake ya mapajani. Nilimsomea kadi, akaingiza tarakimu. Kisha akasema, "Kukhu," yaani bibi, "tujaribu na asilimia nane." Faida zilezile za kila mwaka, ada zilezile, tumebadilisha kitu kimoja.

Kwa asilimia nane ningeanza na 16,000 kwa mwezi. Zingeshuka pia, lakini polepole mno. Mwaka 2025 ningekuwa napokea kama 13,600. Na salio la mwisho lingekuwa milioni mbili na kitu.

Nilimwomba arudie, nikidhani amekosea. Alirudia. Mwaka wa kumi mtu wa asilimia nane anapokea zaidi yangu, na amekalia mfuko unaozidi wangu mara mbili. Mimi katika miaka hiyo nimekula kama laki saba zaidi yake, nikapoteza zaidi ya milioni moja ya mwili wa pesa. Maelezo yake mjukuu ni mafupi: mfuko ulikuwa unazaa karibu asilimia saba baada ya ada, miaka mingine asilimia nne. Tangi linaloingiza lita saba, mimi nachota kumi na tano. Nane zinatoka kwenye lile tangi lenyewe.

Jedwali hilo lilimchukua kijana wa miaka ishirini dakika kumi na mbili, nilitazama saa ya ukutani. Kampuni yenye ghorofa, wanahesabu na kalenda za kugawa kila Desemba haikuniletea jedwali hilo kwa miaka kumi. Hapo ndipo ninapowanyang'anya nyota. Si kwa ada, si kwa simu ya muziki. Unapomwambia mtu "ni haki yako kumi na tano" bila kumwonyesha mwaka wa kumi unafananaje, umemuuzia nusu ya bidhaa.

Kuna kitu kibaya zaidi. Tukiwa tumeitandaza ile fomu ya zamani, mjukuu akasoma ukurasa wa sita, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi: mwanachama anaweza kubadilisha asilimia yake mara moja kila mwaka. Mara moja kila mwaka! Karo ya kitinda mimba iliisha 2018. Ningeweza kushuka hadi nane hapo nikiwa bado na milioni mbili. Barua tisa za Januari zilikuja, hakuna hata moja iliyoandika sentensi hiyo. Na mimi barua tisa zilikuja, hakuna hata moja niliyogeuza kuuliza. Tugawane.

Je, mwaka 2015 ningekubali 16,000? Nimeliwaza sana usiku. Sidhani. Ningesema huyu kijana ananionea, ningeenda kampuni ya jirani waniandikie kumi na tano. Nilikuwa na deni la sacco la kumalizia, karo, mchango wa harusi ya mpwa wangu, na kichwa cha mtu anayetaka kuonekana hajaanguka. Lakini kumi ningekubali, au kumi na mbili kwa miaka mitatu halafu nane. Kama mtu angeniwekea karatasi mbele yangu na safu tatu, zilizoingia, zilizotoka, salio, mimi ndizo ninazojua kusoma kuliko Zaburi.

Kwa hiyo mpango wenyewe naupa nyota tatu kati ya tano. Ulilipa kwa wakati, haupotezi salio la marehemu, na nikijumlisha kadi nimepokea 2,450,000 kwa miaka kumi kutoka kwenye 2,400,000, na bado kulikuwa na laki tisa na ushei ndani. Anayesema ni wizi hajapiga hesabu. Ofisi naipa moja na nusu. Hiyo nusu ni ya yule dada wa simu aliyenipigia mwenyewe siku ya kuzaliwa kwangu, hata kama ni kompyuta iliyomwambia. Ukienda kununua, omba jedwali la miaka ishirini, si kumi, la asilimia 15, 10 na 8, likiwa limetoa ada zote. Wakisema mfumo hauwezi, mfumo unaweza. Nina namba ya mwanafunzi mmoja wa Njoro.

Oktoba 2025 barua ya mwisho ilikuja: miaka kumi inatimia, nichukue salio lote, niendelee kuchota, au ninunue anuiti. Sijui habari zilivuja vipi, lakini mwezi huo wanangu walinipigia simu kuliko mwaka mzima. Mmoja ana ploti ameiona Free Area, bei ya kutupa. Mwingine ana pikipiki mbili ambazo "zitakuwa zinakuletea kila jioni, mama". Niliwasikiliza wote, nikawapikia, nikawasindikiza barabarani.

Halafu nikaenda kwa makampuni matatu ya bima hapa mjini, na mjukuu amebeba faili. Hapa nisifie kidogo: ukiwa na miaka 70 wanakulipa zaidi kwa kila laki kuliko ukiwa na 60, kwa sababu wanatarajia kukulipa miaka michache. Ni hesabu ya kifo, lakini inalipa. Kwa pesa ileile, 946,000, dhamana ileile ya miaka kumi, wa chini alisema 9,600 na wa juu 10,900. Tofauti ya 1,300 kila mwezi hadi kaburini kwa kuvuka barabara tu! Mama Chebet alipita kampuni moja mwaka 2015 na hajui mpaka leo kama aliacha pesa upande wa pili wa barabara, nimemkataza asiulize.

Kwa yule wa juu niliomba pia ile inayopanda asilimia tatu kila mwaka. Inaanza 9,200. Wakala akasema wazee wengi huchukua ile ya 10,900, maana ni kubwa. Alikuwa ameshatoa kalamu. Nilimwomba jedwali. Alikuwa nalo, tena limechapishwa kwa rangi, na nusura nimkumbatie. Mwaka wa saba zile mbili zinakutana. Nikamwuliza mama yake alifariki na miaka mingapi, akashangaa. Nikachukua ya 9,200.

Najua ni kidogo. Chumba cha nyuma nimempangishia mwanafunzi kwa 3,500. Ng'ombe wa NSSF alishakufa lakini mtoto wa mtoto wake anakamuliwa, na jirani wawili wanalipa maziwa kwa mwezi. Binti yangu analipa SHA. Gazeti sijarudia.

Kabla ya malipo ya kwanza kampuni ilitaka cheti cha uhai, kilichogongwa muhuri na chifu, na watakitaka kila mwaka. Nilikwenda Jumatatu nikaambiwa chifu yuko barazani. Jumanne alikuwa kwenye mazishi. Jumatano nilimkuta. Alishika kitambulisho, akaniangalia, akaangalia kitambulisho tena, akauliza kama picha ni yangu kweli, kisha akagonga. Imeandikwa kwamba mimi ni hai hadi Januari 2027.